Marekani Nguo, Marekani Nchi: Mikataba ya Seyyid Said na Mataifa ya Magharibi

Hebu chukua kamusi ya Kiswahili utafute neno "marekani". Utakuta maana mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, ni ile nchi. Ya pili ni kitambaa cha pamba, kizito, cha rangi yake ya asili. Kumbe babu zetu waliivaa Marekani kabla hawajaisikia kwenye redio! Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, kikapakiwa melini katika mji wa Salem, kikashushwa Unguja, kikavuka hadi Mombasa, na kutoka hapo kikapanda bara mabegani mwa watu. Huku Ukambani kilibadilishwa kwa pembe za ndovu. Ndivyo jina la nchi lilivyogeuka kuwa jina la nguo.

Neno hilo moja limebeba historia ndefu ambayo sisi wanafunzi huimeza kwa mistari miwili: Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka wa 1833, na Uingereza 1839, na Ufaransa 1844. Basi. Tunaikariri miaka hiyo, tunaiandika kwenye karatasi ya mtihani, na tukitoka nje tunaiacha hapo hapo juu ya dawati.

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mdahalo juu ya hoja hii: "Mikataba ya Seyyid Said na wazungu iliuza Afrika Mashariki." Waungaji mkono walipiga meza na kusema mzee yule aliuza nchi kwa shanga na vioo. Wapinzani wakasema alikuwa mwerevu kuliko wote. Kengele ikalia, kura zikapigwa, tukaenda kula. Lakini nilibaki na swali ambalo hakuna aliyeligusa siku ile: mikataba yenyewe ilisema nini? Nimeandika makala haya kwa sababu naamini jibu limo ndani ya vifungu, wala si katika kelele za mdahalo.

Kabla ya kufika Unguja, lazima tupite Mombasa, maana waliotangulia kutafuta urafiki na mataifa makubwa ni Mazrui. Wao walitawala Mombasa na hawakutaka kuwa chini ya Seyyid Said wa Omani. Walikuwa wamempoteza Pemba, na walijua merikebu zake zingekuja Mombasa siku yoyote. Wakawaomba Waingereza ulinzi. Nahodha William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alipotia nanga Mombasa mwezi wa Februari 1824, alikuta bendera ya Kiingereza, iliyoshonwa na wenyeji wenyewe, ikipepea juu ya Ngome ya Yesu! Owen akakubali. Walipatana kwamba Waingereza wangewalinda na kuwasaidia kurudishiwa Pemba, mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikomeshwe.

Lakini Owen alikuwa nahodha tu. Serikali yake haikumtuma kufanya hayo, na wakubwa wa London na Bombay hawakutaka kumuudhi Seyyid Said, ambaye alikuwa rafiki yao wa siku nyingi kule Ghuba. Mwaka wa 1826 bendera ikateremshwa, Waingereza wakaondoka. Afisa wa kwanza aliyeachwa pale, Luteni Reitz, alikuwa amekwisha kufa kwa homa mwaka ule ule wa 1824, na jina lake lingali Mombasa hadi leo: ndiyo hiyo Port Reitz. Mazrui wakabaki peke yao mpaka mwaka wa 1837, Seyyid Said alipoichukua Mombasa. Kwa hiyo somo la kwanza la mambo haya lilitokea hapa hapa pwani yetu. Ahadi ya mtu asiyetumwa haina mwenyewe.

Sasa twende kwa Seyyid Said. Yeye hakungoja nahodha apotee njia. Mwaka wa 1827 mfanyabiashara mmoja kutoka New Hampshire, Edmund Roberts, alifika Unguja na bidhaa zake. Akaona taabu: ushuru haukuwa na kipimo kimoja, na ada zilikuwa nyingi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1828 alionana na Seyyid Said mwenyewe akamlalamikia. Seyyid naye alikuwa na haja zake. Alihitaji wanunuzi wa pembe, sandarusi na, baadaye, karafuu zake. Alihitaji silaha. Tena, na hili ndilo kubwa, alihitaji rafiki ambaye hakuwa Mwingereza. Uingereza ilikuwa jirani yake kule India, yenye merikebu nyingi na maneno mengi juu ya watumwa. Marekani ilikuwa mbali, nayo wakati ule haikuwa na koloni hata moja huku Bahari ya Hindi. Ukiwa na jirani mwenye nguvu, hutafuti rafiki wa mbali? Hata mimi ningefanya hivyo.

Roberts alirudi kwao akamshawishi mwanasiasa aliyemfahamu, Levi Woodbury, ambaye baadaye alikuwa waziri wa jeshi la wanamaji wa Rais Andrew Jackson. Mwaka wa 1832 Roberts akatumwa na serikali yake, safari hii akiwa mjumbe halali, ndani ya merikebu ya kivita iitwayo Peacock. Alifanya mkataba na Siam, yaani Thailand ya leo, mwezi wa Machi 1833, na tarehe 21 Septemba mwaka huo akafanya mwingine na Seyyid Said mjini Maskati.

Tuvisome vifungu. Cha kwanza kinataja amani ya daima kati ya pande mbili. Maneno mazuri, lakini hayana uzito mkubwa, kila mkataba huanza hivyo. Kingine kinawapa Wamarekani ruhusa ya kununua na kuuza katika bandari zote za Seyyid bila kupangiwa bei. Hata hivyo bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kisiwani Unguja isipokuwa kwa serikali yake. Hapo unaona mtu aliyefikiri vizuri. Kisha kinakuja kile cha ushuru: Wamarekani watalipa asilimia 5 ya bidhaa zinazoshushwa, na hiyo ndiyo mwisho. Hakuna ada ya nanga, hakuna ada ya rubani, hakuna leseni ya biashara. Na bidhaa isiyouzwa iliyobaki melini na kupelekwa kwingine hailipiwi chochote.

Kipo kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Kilihusu merikebu ya Kimarekani ikivunjika katika pwani za Seyyid. Wamarekani walitaka iandikwe kwamba gharama za kuwatunza mabaharia zitalipwa na serikali yao. Seyyid alikataa. Ikaandikwa kwamba watatunzwa kwa gharama yake yeye mpaka wapate njia ya kurudi kwao, kwa sababu hawezi kupokea malipo kwa kumsaidia aliyepatwa na msiba. Wala hakikubaki maneno matupu. Mwezi wa Septemba 1835 Roberts alikuwa akirudi na mkataba ulioidhinishwa, ile ile Peacock ikakwama kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Mabaharia walilazimika kutupa mizinga baharini ili merikebu iwe nyepesi. Seyyid akatuma msaada na chakula, na baadaye mizinga iliyoopolewa akairudisha bila kudai hata senti.

Kifungu cha mwisho ndicho kinachonipa wasiwasi. Kiliruhusu Marekani kuweka konsuli katika bandari kuu, na konsuli huyo peke yake ndiye atakayeamua kesi za Wamarekani wakigombana wao kwa wao. Nafsi yake na mali yake haviguswi. Wengine darasani waliniambia hilo si kitu, ni Wamarekani wachache tu. Kweli, mwaka wa 1833 walikuwa wachache. Lakini mlango ukishafunguliwa inchi moja, anayefuata huingiza mguu.

Konsuli wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka wa 1837. Alikuwa konsuli na papo hapo mfanyabiashara! Akaelewana na Jairam Sewji, Mhindi aliyekodi forodha ya Unguja, hata ikawa vigumu kwa mgeni mwingine kununua pembe au sandarusi bila kupitia kwao. Hebu fikiria refa wa mpira ambaye pia ni mshambulizi wa timu moja.

Tatizo la pili la mkataba wa 1833 lilikuwa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Mkataba ulisema bandari zote. Seyyid alitaka pembe na sandarusi za Mrima zipitie Unguja kwanza ili zilipe ushuru wake. Wamarekani wakadai wana haki ya kwenda kununua huko huko moja kwa moja. Nani alikuwa na haki? Kwa maneno yaliyoandikwa, Wamarekani. Kwa desturi, Seyyid. Na penye karatasi, desturi hushindwa.

Hapa ndipo nawajibu wale waliosema kwenye mdahalo kwamba Seyyid alikuwa mjinga wa vioo na shanga. La hasha! Tazama mkataba wake na Uingereza wa mwaka wa 1839. Ndani yake kumeongezwa jambo ambalo halimo katika ule wa Marekani: biashara ya pembe na sandarusi katika pwani kati ya Mtang'ata, karibu na Tanga, na Kilwa imehifadhiwa kwa ajili yake. Miaka sita tu, mtu amesoma tena kazi yake na kuziba tundu. Sisi hapa shuleni tunarudishiwa insha yenye alama nyekundu na kosa lile lile tunalirudia muhula ujao.

Lakini ushuru ulibaki asilimia 5, na mamlaka ya konsuli yalizidi kukua. Kwa mkataba wa 1839, raia wa Seyyid akimshtaki Mwingereza, kesi ingekwenda kwa konsuli wa Kiingereza. Konsuli huyo, Atkins Hamerton, alikuja Unguja mwaka wa 1841. Baadaye ikatokea hoja: je, Wahindi waliokaa Unguja ni watu wa nani? Mwaka wa 1860 konsuli Rigby aliwahesabu kuwa chini ya Uingereza na kuwalazimisha kuwaacha huru watumwa wao. Kuachwa huru kwa watumwa ni jambo jema, sitalipinga hata nikipewa kuku mzima. Lakini tazama upande wa pili: hao Wahindi ndio waliokodi forodha na kumkopesha sultani fedha. Kwa hiyo wenye mfuko wa serikali walikuwa sasa chini ya hukumu ya konsuli wa nchi nyingine.

Nimeruka safari tamu kuliko zote, na sharti niirudie. Tarehe 11 Februari 1840 merikebu ya Seyyid iitwayo Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka wa 1833, iling'oa nanga Unguja ikaelekea New York. Mjumbe alikuwa Ahmad bin Na'aman, karani wa siri wa Seyyid. Walipitia rasi ya kusini mwa Afrika, wakasimama kisiwa cha Saint Helena, na tarehe 30 Aprili wakatia nanga New York. Shehena yao ilikuwa magunia 1,300 ya tende, kahawa, mazulia ya Kiajemi, magunia ya karafuu, ngozi kavu, makasha ya sandarusi na pembe 108 za ndovu. Mji wa New York wakati huo ulikuwa na watu zaidi ya 300,000, na walijaa gatini kuwatazama mabaharia wenye vilemba.

Ahmad alileta zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, upanga uliopambwa kwa dhahabu, shali za Kashmir, zulia na mafuta ya waridi. Rais akashikwa na kigugumizi. Katiba yao haimruhusu kiongozi kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Congress. Mwishowe Congress ikaamua zawadi zipokewe kwa niaba ya taifa. Farasi wakauzwa, fedha zikaingia hazina ya serikali, na vitu kadhaa vikawekwa katika jumba la makumbusho la taifa. Kwa Seyyid, serikali na nafsi yake vilikuwa kitu kimoja. Kule ng'ambo alikuta kiti ni cha umma na anayekikalia ni mpita njia. Sisi Wakenya nadhani tunaweza kuelewa pande zote mbili.

Wamarekani nao hawakukosa adabu. Sultana ilikuwa imechakaa, ikatengenezwa kwenye gati la jeshi la wanamaji bila malipo. Halmashauri ya mji iliwakaribisha wageni, na mchoraji Edward Mooney akamchora Ahmad akiwa na kilemba na joho lake. Tarehe 9 Agosti Sultana iliondoka, ikafika Unguja mwezi wa Desemba, imejaa marekani, shanga, bunduki, baruti na vyombo.

Sasa, pembe 108 hazitoki baharini. Pembe zilizouzwa na pwani zilitoka bara, na katika miaka hiyo Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe huku kaskazini. Misafara yao, hasa ya Kitui, ilishuka hadi Rabai na Mombasa. Kivoi wa Mwendwa wa Kitui alijulikana sana kwa misafara hiyo. Mmishenari Krapf, aliyekuja mwaka wa 1844 akiwa na barua ya Seyyid Said mkononi, alimtembelea Kivoi mwaka wa 1849, na kutoka huko Kitui ndipo alipouona Mlima Kenya. Pembe za Afrika Mashariki zilifika Connecticut zikachongwa vitana na vibonye vya piano. Huenda binti fulani wa Kimarekani alijifunza muziki juu ya ndovu wa Ukambani, na babu yake mtu wa hapa Mukuyuni akajifunga shuka la Massachusetts. Lakini katika vifungu vyote vya 1833, 1839 na 1844 sikuona popote mahali pa aliyewinda ndovu wala aliyebeba pembe. Sikuona pia mtumwa aliyechuma karafuu. Mkataba ulikuwa wa wenye bandari.

Je, rafiki wa mbali alisaidia? Mwalimu wetu wa Historia alinidokezea nitazame Korea, kwani nao walijaribu njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1876 Japani iliwalazimisha Wakorea kufungua bandari. Mfalme Gojong akatafuta rafiki wa mbali, na tarehe 22 Mei 1882 Korea ikafanya mkataba na Marekani, wa kwanza na taifa la Magharibi. Mwaka wa 1883 mjumbe Min Yeong-ik na wenzake wakaenda Marekani. Walipomwona Rais Chester Arthur hotelini New York walipiga magoti na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, na Rais hakujua la kufanya. Ahmad bin Na'aman angewacheka kidogo, kisha angewahurumia.

Wakorea walimzidi Seyyid kwa mambo mawili. Mwaka wa 1888 walifungua ofisi ya ubalozi Washington, hali Seyyid hakuwa na balozi wa kudumu huko. Tena katika kifungu chao cha kwanza ilielezwa kwamba mmoja akionewa na taifa jingine, mwenzake atajitahidi kuwapatanisha. Seyyid hakuwa na kifungu kama hicho. Basi Novemba 1905 Japani ikaifanya Korea nchi lindwa. Kifungu kilikuwapo, wino ulikuwapo. Marekani ikafunga ubalozi wake Seoul na kuondoka.

Kwetu mambo yalikwenda kimya zaidi. Seyyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856. Mwaka wa 1862 Uingereza na Ufaransa zilitangaza kwamba zitaheshimu uhuru wa sultani wa Unguja. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10, na Ukambani wetu ukaangukia upande wa Waingereza bila Mkamba yeyote kuulizwa. Mwaka wa 1890 Unguja ikawa nchi lindwa ya Uingereza. Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland ili ikubali, na Ufaransa ikakubali kwa kutambuliwa haki zake Madagaska.

Ule mkataba wa amani ya daima wa 1833 ulikuwa bado upo, pamoja na kifungu cha konsuli mwenye kuhukumu. Ilibidi kifungu hicho nacho kiondolewe, maana sasa Waingereza walikuwa na mahakama zao Unguja. Kikashughulikiwa kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi mwezi wa Februari 1905, mjini Washington. Waliotia sahihi walikuwa Mmarekani na Mwingereza.